Walimu wa universite za Bunia na feza za utafiti: mlango unafungwa kabla wazo halijasomwa

Ugonjwa wa tauni uko Ituri tangu miaka ya 1920. Katika inchi nyingi umebaki habari ya vitabu vya historia, lakini mwaka 2020 ulirudi tena katika zone ya afya ya Rethy, na watu wa huko wanajua dalili yake ya kwanza: panya wanakufa ndani ya nyumba, kisha viroboto wanahamia kwa watu.

Mwalimu wa biolojia wa Bunia akitaka kujua kwa nini ugonjwa huo unarudi katika vijiji fulani na kuacha vijiji jirani, anahitaji mitego ya panya, vifaa vya maabara, pikipiki, malipo ya wasaidizi na miezi mingi ya kazi. Mshahara wake hautoshi kwa hayo. Mfuko wa chuo chake, ambao unategemea sana makuta ya wanafunzi, nao hautoshi. Inabaki kuomba kwa mfadhili. Na hapo ndipo safari inakuwa ndefu, kwa sababu ambazo mara nyingi hazigusi ubora wa wazo lake hata kidogo.

Jambo hili linamuhusu pia mama anayeuza samaki wa Ziwa Albert, mchimbaji wa zahabu wa Mongbwalu anayeshika zebaki kwa mikono, na mkulima wa Djugu aliyekimbia shamba lake. Mwenye kulipa utafiti ndiye anachagua swali. Kama feza yote inaamuliwa mbali, maswali ya hapa yanangoja zamu yao.

Feza inatolewa namna gani

Mfadhili anatangaza mwito wa miradi na kuweka tarehe ya mwisho. Mwombaji anaandika mradi: swali, njia ya kazi, watu, ratiba, bajeti. Wataalamu wanasoma, wanatoa alama, walio juu wanapata. Kwa maneno hayo mambo yanaonekana sawa kwa wote. Lakini kabla wataalamu hawajasoma, kuna mlango mwingine: je, taasisi ya mwombaji inaweza kupokea feza?

Mfano mzuri ni Marekani. Chuo cha inchi ya kigeni kinachotaka kuomba moja kwa moja feza ya serkali ya Marekani kinapaswa kuandikishwa kwanza katika mfumo unaoitwa SAM, na kupata namba ya kitambulisho ambayo tangu Aprili 2022 inaitwa UEI. Jina na anwani ya chuo vinapaswa kufanana kila mahali, neno kwa neno. Sasa, chuo ambacho jina lake liko kwa kifaransa, na anwani yake ni avenue bila namba ya nyumba, kinaweza kukwama wiki nyingi juu ya tofauti ya herufi chache. Umoja wa Ulaya nao una namba yake, PIC, na karatasi zake za kuonyesha kwamba taasisi ipo kisheria.

Katika vyuo vikubwa vya dunia mwalimu hashughuliki na hayo. Kuna ofisi nzima yenye watu wanaofuata miito, wanaotengeneza bajeti, wanaotunza hesabu na kuandaa ukaguzi. Bunia, mwalimu mwenyewe anakuwa mtafiti, mhasibu na karani, tena na intaneti ya bando anayolipa mfukoni. Umeme ukikatika usiku wa tarehe ya mwisho, hakuna wa kumpigia simu.

Tena hesabu zina mzunguko wake. Wafadhili wanataka kuona kwamba taasisi imewahi kutunza feza kama hizo na kutoa ripoti safi. Ambaye hajapata hawezi kuonyesha, na asiyeonyesha hapati. Huo, kuliko lugha na kuliko barabara, ndio ukuta mrefu zaidi.

Kwa nini Kisangani na siyo Bunia

Ukiangalia mashariki mwa inchi unaona feza inafuata feza. Universite ya Kisangani, iliyopata uhuru wake mwaka 1981 wakati UNAZA ya Mobutu ilipogawanywa, ina uhusiano wa miaka mingi na vyuo vya Ubeleji. Kwa njia hiyo ilipata Kituo cha Uangalizi wa Bioanuwai, na jirani yake Yangambi kuna miradi ya misitu inayosomesha wanafunzi wa masta na wa doktora. Ni kazi nzuri, hakuna anayeikataa. Ila Universite ya Bunia, ambayo yenyewe ilianza kama tawi la Kisangani, haikurithi uhusiano huo. Universite ya Shalom ilianza mwaka 1961 kama shule ya theolojia na ikawa universite mwaka 2007. Marafiki wake wa zamani ni wa makanisa zaidi kuliko wa maabara. Vyuo vingine vya muji, kama ISP na ISTM, vilianzishwa kwanza kwa kufundisha.

Halafu kuna ngazi ya cheo. Asistanti, kisha shefu de travo, kisha profesa mshiriki, profesa, na profesa kamili. Wafadhili wengi wanataka mkuu wa mradi awe na doktora. Bunia sehemu kubwa ya kufundisha inabebwa na maasistanti na mashefu de travo, na maprofesa wengine wanakuja kwa wiki chache kutoka miji mingine, wanatoa kozi, wanarudi. Asistanti anayetaka doktora anapaswa kutafuta profesa wa kumwongoza Kisangani, Kinshasa ao inje. Bila feza ya utafiti, tezi inachukua miaka na miaka. Akimaliza, mara nyingi anakuta mifuko ya "watafiti vijana" imeweka mpaka wa umri na yeye ameupita. Kijana kwa cheo, mzee kwa fomu.

Na wakati wote huo lazima ale. Katika vyuo vya serkali wako maasistanti ambao jina lao halijaingia kwenye orodha ya mishahara ya serkali, wanasema hawajamekanizwa. Wanaishi kwa prime ya chuo na kwa kozi wanazofundisha huku na kule. Kuandika mradi mzuri kunaomba wiki kadhaa za kazi bila malipo, na miradi mingi inakataliwa hata Ulaya. Mtu mwenye watoto shuleni anahesabu hiyo bahati nasibu na anachagua kozi ya Jumamosi.

Lugha inaongeza mzigo. Miito mikubwa inaandikwa kwa kiingereza, na majarida yanayohesabiwa vilevile. Mwalimu aliyesoma kwa kifaransa tangu shule ya msingi anaweza kusoma kiingereza, lakini kushindana kwa kiingereza ni habari nyingine.

Usalama nao unakata pande mbili. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na serkali nyingi za Ulaya zinaonya raia wake wasije. Vyuo vyao vinakataa kuwapa bima. Basi mgeni habaki tena kiongozi wa kazi mahali, anabaki kiongozi kwa kompyuta. Wa hapa ndiye anapanda pikipiki kwenda Fataki ao Komanda, anajibu maswali ya kila barierre, anarudi na madaftari yaliyojaa. Jina lake linaweza kuonekana mwishoni, kwenye mstari wa shukrani. Kati ya mwaka 2019 na 2020 watafiti wa Bukavu, pamoja na wenzao wa Ubeleji, waliandika wazi juu ya hali hiyo katika mfululizo ulioitwa Bukavu Series: wanaokusanya habari katika hatari, bila bima, bila neno juu ya swali la utafiti wala juu ya bajeti. Walimu wa Bunia wakisoma maandiko hayo hawahitaji maelezo.

Ikifanyika vizuri, inaonekana

Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu 2 287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini. Katikati ya vita na mashaka ya watu, jaribio la dawa nne lilifanyika na wagonjwa 681, na mwezi wa Agosti 2019 ilijulikana kwamba dawa mbili zinaokoa kuliko zingine. Moja yao ilitoka kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Feza kubwa ilikuwa ya Marekani, lakini profesa Jean-Jacques Muyembe na INRB walikuwa ndani ya uongozi. Waliweza kwa sababu INRB ipo tangu 1984: maabara, hesabu, saini inayotambulika. Akili peke yake ingewaacha kwenye mstari wa shukrani.

Serkali ingeweza kuwa mfadhili wa kwanza. Mwaka 2006, Khartoum, inchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutoa asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kongo bado iko mbali na hapo. Upande wa pili wa ziwa, Uganda iliipa Universite ya Makerere mfuko wa utafiti kuanzia 2019, shilingi bilioni 30 kwa mwaka mwanzoni, na walimu wake wanaomba ndani ya chuo chao. Mwalimu anayeshinda mfuko mdogo wa nyumbani anapata ripoti ya kuonyesha kwa mfadhili mkubwa. Mzunguko ule unavunjika hapo.

Mwaka 2025 njia iliyokuwa inatumika zaidi na vyuo vidogo nayo ilibanwa. Chuo kidogo kilikuwa kinaingia chini ya mbawa za chuo kikubwa cha Marekani na kupewa sehemu ya feza. Mwezi wa Mei taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ilisimamisha kutoa mpya za namna hiyo kwa washirika wa inje, mpaka ipangwe njia nyingine. Ulaya inabaki wazi: katika programu ya Horizon Europe taasisi za Kongo zinaweza kupewa feza, pamoja na asilimia 25 juu ya gharama nyingi za mradi kwa ajili ya ofisi, umeme na hesabu. Asilimia hiyo ndiyo inajenga ofisi ambayo Bunia haina. Mshirika wa Ulaya asipoitaja, mwalimu wa Bunia ana haki ya kuuliza iko wapi kabla ya kutia saini.

Milango midogo iko pia. Shirika la OWSD, lenye makao Trieste, Italia, limekuwa likiwapa wanawake wanasayansi wa inchi kama Kongo hadi dola 50 000 za kuanzisha kazi yao. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na baraza la vyuo vya jumuiya hiyo liko Kampala, karibu kuliko Kinshasa.

Vyuo vya Bunia vingeweza pia kulipa pamoja mtu mmoja wa hesabu na wa miito, badala ya kila kimoja kungoja kuwa na ofisi yake. Kazi yake ya kwanza ingekuwa ndogo: kuandikisha kila chuo kwa jina moja lisilobadilika, na kukumbuka kwamba uandikishaji wa SAM unafanywa upya kila mwaka.