Aliyenajisiwa Hasuluhishiwi Barazani

Ipo desturi mitaani mwetu ambayo wakati umewadia kamati za misikiti na madrasa ziipige marufuku. Mtoto hunajisiwa, wazee wa pande mbili huketi, fidia hutolewa, Fatiha husomwa, na jambo likazikwa. Huitwa maslaha. Maslaha ya nani, ilhali mtoto mwenyewe hakuulizwa?

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa amnajisiye mtoto wa miaka 11 au chini yake, na uamuzi wa kuiondoa kesi si wa mzee, wala imamu, wala hata mzazi. Mahakama ya Kadhi nayo, kwa mujibu wa Katiba, huamua hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, jinai haimo. Basi sisi barazani twahukumu kwa mamlaka gani? Wengine husema wanasitiri aibu. Aliyemdhulumu mtoto hana sitara kwetu, na Surat An-Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kushuhudia haki hata dhidi ya jamaa zetu.

Kwa hivyo twadai kila kamati iandike kanuni: mwalimu asikae faraghani na mwanafunzi mmoja, na akishukiwa asimamishwe siku hiyo hiyo, polisi waarifiwe. Mtoto asioshwe, nguo zake zisifuliwe. Afikishwe hospitali upesi, kwani dawa za kukinga Ukimwi huanzwa kabla ya saa 72 kupita. Simu ya kuwasaidia watoto ni 116, haina malipo.