Picha za Sebuleni na Mafundisho ya Imani Ileje

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa Ikinga na kata jirani za wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, picha za mnato zina kazi zaidi ya kupamba ukuta. Picha ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa, ya kwaya iliyovaa sare na ya babu aliyekwisha kufariki hutundikwa sebuleni karibu na kalenda ya kanisa. Nyingine hutunzwa kwenye albamu, na mgeni akishaketi hupewa albamu hiyo aipitie wakati chakula kinaandaliwa. Mwenyeji humwelekeza: huyu ni nani, alizaliwa na nani, siku hiyo ilikuwa shughuli gani. Kabla kurasa hazijaisha, mara nyingi linaingia pia neno la shukrani kwa Mungu, au kisa cha Biblia kinachofanana na kile kinachoonekana pichani. Kwa namna hiyo somo la imani hufundishwa bila mimbari, na anayelifundisha mara nyingi ni mama au bibi wa nyumba.

Ileje ni nchi ya milima, migomba, kahawa, mahindi na maharage, na mto Songwe unaitenga na Malawi. Wandali ndio wenyeji wakuu wa milima ya Undali. Jirani zao ni Walambya, Wamalila na Wanyiha. Mkoa wenyewe ni mchanga, kwani ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini Ukristo wa eneo hili una zaidi ya karne. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, wakaendelea hadi Utengule na Mbozi kabla karne haijageuka, na hospitali yao ya Isoko, iliyomo Ileje, ingali inahudumia watu. Leo yapo pia makanisa ya Kilutheri, Kikatoliki, Kiadventista na ya Kipentekoste. Hata hivyo, desturi nyingi za kuitazama picha kwa macho ya imani zinaeleweka vizuri zaidi mtu akiijua historia ya Moravian.

Kanisa hilo lina picha katika mizizi yake. Mwaka 1719 kijana wa kikabaila wa Ujerumani, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliingia katika jumba la sanaa la Düsseldorf akasimama mbele ya mchoro wa Domenico Feti unaomwonyesha Kristo akiwa amevikwa taji la miiba. Chini yake palikuwa na maneno ya Kilatini yanayomfanya Kristo amwulize mtazamaji: nimekufanyia haya, wewe unanifanyia nini? Zinzendorf alikuwa na umri wa miaka 19, na alikuwa mcha Mungu tangu utoto, kwa hiyo si kweli kwamba mchoro ulimwongoa kutoka upagani, kama baadhi ya wasimuliaji wanavyopenda kuongeza chumvi. Ila swali lile halikumtoka. Miaka mitatu baadaye wakimbizi wa dini kutoka Moravia walipewa makazi katika ardhi yake, wakajenga kijiji cha Herrnhut, na mwaka 1732 kijiji hicho kikaanza kutuma wamisionari ng'ambo. Jambo la kuangaliwa ni kwamba picha haikumpa Zinzendorf jibu. Ilimpa swali. Ndivyo picha zinavyotumika hadi leo pale zinapotumika vizuri.

Wamisionari waliofika kusini magharibi mwa Tanganyika walikuja na kamera. Walipiga picha makanisa ya udongo, madarasa, wagonjwa, machifu, na familia za Wakristo wa kwanza zilizopangwa mstari mbele ya nyumba. Nyingi zilipelekwa Herrnhut, zikachapishwa katika magazeti ya misheni na kuonyeshwa kwa waumini wa Ulaya ili watoe sadaka. Kwa hiyo mtu wa Rungwe au Mbozi aligeuzwa kielelezo katika mahubiri ambayo hakuyasikia, kwa lugha asiyoijua, na mara nyingi jina lake halikuandikwa. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya picha ya misheni na albamu ya nyumbani: sebuleni hakuna picha inayofundisha lolote kabla aliyemo hajatajwa kwa jina.

Picha zilizoingia katika nyumba zenyewe zilikuja kwa njia nyingine. Katika miaka ya ukoloni vijana wengi wa Rungwe na Ileje walikwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na wengine wakaandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri wafanyakazi wa migodi, kwenda Afrika Kusini, mpaka serikali ilipositisha uandikishaji huo baada ya uhuru wa 1961. Huko waliingia studio wakapigwa picha wamevaa suti, saa mkononi, nyuma pazia lililochorwa bustani. Picha ikatumwa nyumbani badala ya mtu. Kwa wazazi ilikuwa ushahidi kwamba mtoto yu hai, na pia ilikuwa kidonda, kwani wapo waliotuma picha na wasirudi. Picha ya namna hiyo huvutia kisa cha mwana mpotevu katika Luka 15 pasipo kutafutwa, lakini yenyewe humvuta msikilizaji upande wa baba. Mhubiri huweza kukaza uasi wa kijana. Bibi aliyeitunza picha ya ndugu yake asiyerudi huzungumzia zaidi yule mzee aliyemwona mwanawe angali mbali, maana ili amwone kwa mbali alipaswa kuwa anatazama njia kila siku.

Msiba ndio mahali ambapo picha na imani hukutana kwa uzito zaidi. Picha ya marehemu huchaguliwa mapema, ikakuzwa, ikatiwa fremu na kuwekwa juu ya jeneza au kwenye meza ndogo kando yake. Aghalabu mjukuu huibeba mbele ya msafara. Kisha wasifu wa marehemu husomwa: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alifunga ndoa na nani, alilitumikia kanisa katika kazi gani, aliugua vipi, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Kusoma wasifu msibani kumeenea Tanzania nzima, lakini kwa Wamoravian kuna historia ya pekee. Tangu karne ya 18 waumini wa Herrnhut walihimizwa kuandika wenyewe habari za maisha yao na jinsi Mungu alivyowaongoza, ili zisomwe siku ya kuzikwa, na maelfu ya maandishi hayo bado yamehifadhiwa huko. Mkulima na mshona viatu waliandika yao sawa na mchungaji.

Picha na wasifu husaidiana, na pengine hukosoana. Wasifu hupenda kusifu. Picha haina adabu hiyo. Katika chumba cha waombolezaji, baada ya maneno yote mazuri, mtu hufungua albamu na kumwonyesha marehemu akiwa kijana mwenye sura ya ukali, au amesimama mbali na mkewe, na wanaojua habari hucheka kidogo na kusimulia jinsi alivyobadilika. Simulizi la namna hiyo hufundisha neema kuliko sifa za kwenye karatasi. Ni jambo la kusikitisha kwamba siku hizi picha za msiba husafishwa kwa kompyuta, makunyanzi yakaondolewa na mawingu yakawekwa nyuma, hata marehemu akafanana na mtu ambaye hakuwahi kuishi kijijini hapo.

Desturi nyingine ni ya alfajiri ya Pasaka. Wamoravian hukusanyika makaburini kabla jua halijachomoza, wakaimba na kukiri ufufuo kati ya wafu wao, kama ilivyoanzwa Herrnhut mwaka 1732. Siku hizi simu hutolewa mfukoni kukipambazuka, na picha ya watu waliosimama kati ya misalaba ya mbao na makaburi ya saruji hutumwa kwa ndugu walioko Mbeya, Dar es Salaam au Lusaka, ambao makaburi ya wazazi wao yamo pichani.

Picha za kazi na za shughuli za kawaida ndizo nyingi zaidi, na ndizo zinazohitaji jicho la utulivu. Mfano mzuri ni picha ya sikukuu ya mavuno. Kanisa limejaa mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, kuku waliofungwa miguu na vibuyu. Baadaye vitu hivyo hunadiwa na fedha kuingia katika mfuko wa ushirika. Mtazamaji wa haraka huona shukrani na wingi. Mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye busara huwauliza watoto ni nani ameleta kidogo, na kwa nini amesimama nyuma. Hapo habari ya mjane na senti zake mbili katika Marko 12 hujileta yenyewe. Huweza pia kuuliza ni nani hayumo pichani. Katika picha nyingi za harusi na mavuno wanaokosekana ni wale waliokuwa jikoni, na kisa cha Martha na Mariamu hupata maana isiyo ya kawaida kikisomwa kwa ajili yao.

Wahubiri wa enzi za filamu walikuwa na mfano wao wa kudumu: picha husafishwa gizani, na mwanga ukiingia kabla ya wakati huiharibu, vivyo hivyo Mungu hufanya kazi katika giza la mtu. Mfano huo unaanza kuzeeka, kwa kuwa kijana wa leo hajawahi kushika negativu.

Tunduma, mji wa mpakani ambako malori hupanga foleni kuingia Zambia, umeleta namna mpya. Simu zinazonunuliwa huko hufika vijijini, na kila asubuhi makundi ya WhatsApp ya kwaya, ya wanawake na ya vijana hupokea picha za machweo, maua au bahari zilizoandikwa aya. Aya ni ileile, lakini bahari hiyo haina mwenyewe, wala hakuna anayeweza kuuliza ni siku gani na nani alikuwapo. Picha ya njia ya kisimani iliyopigwa na kijana wa kwaya, ikatumwa na aya ya maji ya uzima kutoka Yohana 4, huzua mazungumzo ya nusu siku, kwa sababu kila mmoja ameipanda njia hiyo na ndoo kichwani. Aina nyingine ni stika zenye sura za mitume na manabii wa mijini, zinazobandikwa milangoni na kwenye bodaboda kwa kutumaini ulinzi. Wazee wa makanisa ya zamani huzipinga kwa kutumia amri inayokataza sanamu za kuabudiwa, na hoja yao ina nguvu: picha ya babu hukumbusha, ilhali stika hutegemewa.

Zipo pia tahadhari za kienyeji. Wapo wasiopenda picha zao zichukuliwe na mtu wasiyemjua, kwa kuhofia kwamba zaweza kutumiwa kuwadhuru kwa uchawi. Hofu hiyo hukemewa kanisani, lakini hakuna mwenyeji mwenye adabu anayempiga picha mgonjwa au mfiwa bila kuomba ruhusa.

Utunzaji ndio udhaifu mkubwa wa desturi hii. Ushirika una daftari la ubatizo, na mtu anayetaka kujua tarehe yake huipata humo hata baada ya miaka 60. Picha hazina daftari. Albamu hubaki kwa mtoto aliyerithi nyumba, unyevu wa milimani huzigandanisha kurasa, na simu ikipotea sokoni Tunduma hupotea na picha za miaka mingi. Familia zenye uangalifu huandika kwa kalamu nyuma ya kila picha majina, mahali, mwaka, na pengine aya iliyosomwa siku hiyo, kisha picha zinazotajwa sana hupelekwa studio kutolewa nakala kwa kila mtoto anayeanzisha nyumba yake.