Vidudu vya Unga Vinaokoa Kuku Wetu

Wandugu wachimbaji, mwezi ule mshahara ulipokawia, wengi wetu tuliuza kuku kwa kukosa cha kuwalisha. Sisi wa sendika tukajaribu kufuga vidudu vya unga nyumbani. Beseni moja, pumba kavu ya mahindi, kipande cha karoti mahali pa maji: basi. Kisha miezi 2 ao 3 vinanenepa, tunavichanganya na mahindi. Msimalize vyote. Acheni vingine vigeuke vidudu vyeusi vyenye mabawa, vitage tena. Pumba ikilowa, inaota ukungu, vinakufa. Na majani ya kando ya mabaki ya mgodi, hapana! Sumu ya madini itapita kwa kuku, ifike kwenye sahani ya watoto wetu.