Kodi ya Nyumba Haipandishwi kwa Kauli Tupu

Miongoni mwa malalamiko yanayofikishwa katika vituo vyetu hapa Uganda ni ugomvi wa kodi ya nyumba. Msimamizi hutangaza kiwango kipya mwanzoni mwa mwezi, mpangaji hukataa, na jioni familia hukuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya. Ni vyema wasimamizi waelewe mipaka yao.

Kwanza, msimamizi ni wakala. Hana mamlaka yanayozidi ya mwenye nyumba, naye mwenye nyumba amefungwa na mkataba. Ikiwa kodi imekubaliwa kwa muda maalumu, haipandi kabla ya muda huo kwisha, ila pale mkataba wenyewe unaporuhusu.

Pili, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imeweka kikomo: ongezeko lisizidi asilimia 10 kwa mwaka, au kiwango kingine kitakachowekwa kwa kanuni. Chumba cha shilingi 300,000 kwa mwezi hakitazidi shilingi 330,000. Anayedai 400,000 amevuka kikomo hicho, hata akisema ametumwa na tajiri wake.

Tatu, taarifa ya ongezeko itolewe mapema na kwa maandishi, ikitaja kiwango kipya na tarehe ya kuanza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria hiyo inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uandikwe. Nakala ya mkataba na stakabadhi za malipo ndizo zitakazosema ukweli pande mbili zinapopingana.

Ieleweke pia kwamba polisi hawakusanyi kodi wala hawapangi kiwango chake. Hayo ni madai ya kiraia, na mwamuzi wake ni mahakama. Lakini kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa la jinai, na msimamizi aliyetenda hivyo hatasalimika kwa kudai kwamba aliagizwa.

Tunawasihi wapangaji nao wasiache kulipa kodi ya awali kwa sababu ya mzozo, maana deni humdhoofisha mwenye haki. Palipo na kutoelewana, anzeni kwa mwenyekiti wa LC1, kisha mahakama. Na ukikuta umefungiwa nje, usivunje kufuli: fika kituo cha polisi kilicho karibu nawe ukiwa na mkataba wako.