Punguza Mzigo, Usipunguze Ulinzi

Si ajabu kukuta katika steshenari ya Sumbawanga kompyuta iliyotumika miaka kadhaa ughaibuni kabla ya kupanda uwanda wa juu wa Ufipa ikiwa mtumba. RAM yake ni GB 4, prosesa yake ni ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, na fundi ameshaipiga Windows iliyo mpya kuliko umri wake. Ndipo inapoganda, mteja akisubiri barua ya ukurasa mmoja huku feni ikinguruma. Dawa inayokimbiliwa ni kushusha mfumo: unafutwa ulio mzito, unarudishwa wa zamani, aghalabu Windows 7. Nusu ya dawa hiyo ni sahihi. Mzigo upunguzwe, ila ulinzi usishuke nao. Na diski ya nje, hata iwe flashi tu, ndiyo inayotuwezesha kuvitenganisha viwili hivyo.

Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyo kwenye ubao mama huamka kwanza na kutafuta mfumo ulipo. Kwa kawaida huelekea diski ya ndani. Ukibonyeza F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 kwenye HP, au Option kwenye Mac za Intel, hukupa orodha ya diski uchague mwenyewe. Flashi ya GB 8 yatosha kwa mifumo mingi ya kompyuta za kawaida, mradi iandaliwe kwa programu kama Rufus, kwani kunakili faili kama unavyonakili wimbo hakuifanyi iwashe kompyuta. Mac zina masharti zaidi: zenye chipu ya usalama ya T2 hukataa diski ya nje mpaka mwenyewe aruhusu, na kwa kawaida Mac haishuki chini ya toleo ililotoka nalo kiwandani.

Kwa nini basi isiwe Windows 7, ambayo kila fundi anaijua na ni nyepesi kweli? Kwa sababu Microsoft iliacha kuiziba matundu ya usalama kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilifikia ukomo wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo kompyuta nyingi kongwe hazina. Wapo watakaosema kompyuta yao haiingii intaneti, basi haina la kuogopa. Lakini steshenari huishi kwa flashi za wateja, na kirusi hakihitaji bando kuhama kutoka flashi moja hadi nyingine.

Njia iliyobaki ni mfumo mwepesi ambao bado unatunzwa. Linux Mint 22, katika toleo lake jepesi la Xfce, huridhika na RAM ya GB 4, na itapata marekebisho ya usalama hadi 2029. Tena huendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, polepole kidogo, bila kugusa diski ya ndani; printa na Wi-Fi hujaribiwa kabla ya kufuta chochote. Pingamizi kubwa ni nyaraka za Word. LibreOffice, programu yake ya kuandikia nyaraka, huzifungua, ingawa mpangilio wa jedwali huweza kuyumba, kwa hiyo jaribio lifanyike kwa nyaraka halisi za wateja. Wala programu huria kama hizi si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na LibreOffice imechipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo. Ila anayetegemea programu ya hesabu inayokubali Windows pekee asidanganywe. Huyo aongeze RAM na diski ya SSD kwanza.

Umeme nao una neno lake. Ukikatika katikati ya usakinishaji, flashi itaiwasha tena kompyuta, lakini mafaili ambayo hayakunakiliwa mapema huenda yasirudi; kwa hiyo kunakili kuwe hatua ya kwanza, kusakinisha kufuate. Wahunzi wa Kifipa walilijua somo hilo la hatua: chuma kilichotoka katika ilungu, lile tanuru refu, hakikuwa jembe bado, kilipitishwa tena katika tanuru dogo kusafishwa, ndipo kikafuliwa. Kompyuta ya mtumba nayo imetoka ilungu tu, na flashi ndiyo tanuru lake dogo.