Malazi ya Roma kwa Mfuko Mdogo

Mtu akikuambia kwamba anakwenda Roma, jambo la kwanza unalomwuliza ni nauli ya ndege. Sisi nasi tulianza hivyo hivyo. Tulikuwa akina mama sita wa jumuiya moja, kila mmoja na mume wake na watoto wake, na kwa miaka mitatu tulikuwa tukiweka akiba kidogo kidogo ili tukasali penye kaburi la Mtume Petro. Mwingine aliuza mayai, mwingine alishona sare za shule. Hakuna aliyegusa ada ya mtoto, maana tulikubaliana hivyo tangu mwanzo.

Nauli ilipatikana. Viza zilipatikana. Kilichotaka kutushinda ni kitanda.

Tunawaandikia haya ninyi wenzetu mnaojiandaa kwa safari kama ile, iwe ni hija, iwe ni kumwona binti aliye utawani, au kusherehekea miaka ya ndoa pamoja na baba watoto. Mengine tuliyafanya vizuri. Mengine tulikosea, na makosa hayo tuliyalipia kwa fedha.

Kosa letu la kwanza

Tulisafiri Novemba 2024. Tulichagua hoteli kwa kuangalia jambo moja tu, yaani bei. Tuliipata moja ya yuro 55 kwa chumba cha watu wawili, nasi tukachukua vyumba vitatu kwa usiku nne. Tulilipa zote kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa aliyelipa mapema alipunguziwa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilielezwa kwamba fedha ikishalipwa hairudishwi. Hatukusoma.

Tulipofika tulikuta vyumba viko ghorofa ya nne, na lifti hakuna. Majengo mengi ya Roma ni ya zamani, na hoteli ndogo mara nyingi ni ghorofa moja tu ndani ya jengo la watu wengi. Mwenzetu mmoja, aliye mkubwa kuliko sisi sote, ana magoti yanayovimba. Usiku wa kwanza alipanda ngazi zile akipumzika kila baada ya hatua chache, nasi tumembebea mzigo. Usiku wa pili aliketi kwenye ngazi akalia. Akasema, "Niacheni mimi nibaki chumbani. Ninyi nendeni mkasali, mtaniombea."

Hapo ndipo tulipokaa chini tukapiga hesabu ambayo ilitupasa kuipiga tukiwa nyumbani.

Bei ya chumba si bei ya malazi

Hoteli yetu ilikuwa mbali na mji. Hesabu ya siku ya pili, kwa watu sita, ilikuwa hivi:

Vyumba vitatu: yuro 165.
Basi la kwenda na kurudi: yuro 18.
Chai ya asubuhi, maana haikuwemo katika bei: yuro 24.
Teksi mbili za usiku, baada ya kukosa basi: yuro 50.
Jumla: yuro 257.

Wakati huo huo, nyumba moja ya masista iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Basilika la Mtakatifu Petro ilikuwa na vyumba vya watu wawili kwa yuro 75, chai ya asubuhi ikiwemo na lifti ipo. Vyumba vitatu ni yuro 225. Kumbe ile iliyoonekana ghali ndiyo iliyokuwa nafuu! Waliosema rahisi ghali walituona.

Kuhama kulikuwa na maana ya kupoteza usiku mbili tulizokwisha kuzilipia, yaani yuro 330. Ni yuro 55 kwa kila mmoja, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya zawadi za watoto. Mama yule alikataa kata kata tusiingie hasara kwa ajili yake. Tulimjibu kwamba tumekuja sita na tutasali sita. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kuchukuliana mizigo (Gal. 6:2), nasi tuliona mzigo wenyewe ndio huu. Asubuhi yake tulihama.

Nyumba za watawa

Roma ina nyumba nyingi za mashirika ya kitawa zinazopokea wageni. Waitaliano huziita "casa per ferie". Ziko nyingi karibu na Vatikano, upande wa Trastevere na juu ya kilima cha Aventino. Si lazima uwe mtawa, wala si lazima uwe Mkatoliki. Wanandoa na watoto hupokelewa. Vyumba ni vya kawaida: vitanda, meza, msalaba ukutani na bafu. Ni safi, na usiku kuna kimya.

Jambo la kuzingatia ni saa ya kufunga mlango. Nyumba nyingi hufunga kati ya saa nne na saa sita za usiku, na ukichelewa utabaki nje. Kwa sisi akina mama hilo halikuwa taabu.

Namna nzuri ya kuzipata ni kuanzia nyumbani. Waulize masista wa jimbo lako. Mashirika mengi yana nyumba Roma, na barua ya sista au ya paroko hufungua mlango. Kabla ya kukubali, uliza haya kwa maandishi:

1. Je, lifti ipo? Kwa Kiitaliano ni "ascensore".

2. Je, bafu liko ndani ya chumba? "Bagno in camera" ni bafu la ndani, na "bagno in comune" ni la kuchangia na wageni wengine.

3. Ni vitanda vya namna gani? "Camera matrimoniale" ina kitanda kimoja kikubwa cha mke na mume. "Camera doppia" ina vitanda viwili. Marafiki wawili msije mkakuta mmewekewa shuka moja.

4. Je, chai ya asubuhi imo katika bei?

5. Mlango hufungwa saa ngapi?

6. Wanapokea fedha taslimu au kadi?

7. Nikiahirisha safari, fedha yangu itarudishwa, na mpaka tarehe gani?

Swali hilo la saba ni kubwa kwetu sisi tunaohitaji viza. Ubalozi hutaka uthibitisho wa mahali utakapolala, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 ya matibabu. Ada ya viza kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Kwa hiyo chagua malazi yanayoweza kufutwa bila malipo, hata kama bei imezidi kidogo. Utanyimwaje viza, halafu upoteze na hoteli?

Kodi ya mgeni

Jambo lililotushtua pale mapokezi ni kodi ya mji. Kila mgeni hulipa kwa kila usiku, na mara nyingi fedha hiyo haimo katika bei uliyoonyeshwa. Tangu Oktoba 2023 hoteli ya nyota tatu ni yuro 6 kwa mtu, nyota nne ni yuro 7.50, na nyota tano ni yuro 10. Mke na mume wakilala usiku nne katika hoteli ya nyota tatu, kodi peke yake ni yuro 48. Watoto walio chini ya miaka 10 hawalipi, na baada ya usiku 10 mfululizo mahali pamoja hudaiwi tena. Itenge fedha hii mapema katika bahasha yake.

Usishtuke pia wakikuomba pasipoti. Sheria ya Italia inawataka wenye nyumba kuwaandikisha wageni wote polisi. Wataandika habari zako, kisha watakurudishia. Usiondoke mapokezi bila kuipata mkononi.

Majira na mahali

Bei hupanda sana Pasaka, Mei, Juni, Septemba na Oktoba. Hushuka Novemba, na tena Januari baada ya Epifania hadi Februari. Julai na Agosti jua ni kali, na chumba kisicho na kiyoyozi hakilaliki. Wakati wa baridi chukua sweta na soksi nzito, kwa sababu mitambo ya joto huwashwa kwa saa maalum tu, si mchana kutwa.

Kama hukupata nyumba ya watawa, tafuta hoteli ndogo karibu na stesheni kuu ya Termini. Mitaa ya huko ina kelele na si mizuri sana usiku, lakini treni zote mbili kubwa za chini ya ardhi, A na B, hukutana hapo. Mstari A unakufikisha Ottaviano, karibu na Vatikano. Mstari B unakufikisha Basilika la Mtakatifu Paulo. Basilika la Santa Maria Maggiore, alimozikwa Papa Fransisko Aprili 26, 2025, liko mwendo mfupi kwa miguu. Ukilala mbali kwa ajili ya bei, hakikisha kwanza kwamba kuna kituo cha treni karibu.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, treni ya moja kwa moja hadi Termini ni yuro 14 kwa mtu. Basi ni nafuu zaidi. Teksi rasmi, ambayo ni nyeupe, ina bei moja iliyopangwa na mji: tangu 2024 ni yuro 55 kwa gari hadi ndani ya kuta za kale. Mkiwa wanne na mizigo myepesi, teksi ni karibu sawa na treni, na inawafikisha mlangoni. Kataa mtu anayekufuata ndani ya uwanja akikuitia gari.

Kula bila kuumia

Kupika chumbani hakuruhusiwi, na msithubutu kubeba jiko. Sisi tulishiba asubuhi kule kwa masista. Mchana tulinunua mkate, jibini na matunda sokoni au dukani. Karibu na Vatikano kuna soko kubwa la Trionfale. Jioni tulikula piza inayokatwa na kupimwa kwa kilo. Unaonyesha kwa mkono kipande unachotaka.

Kahawa inywe umesimama kaunta kama wanywavyo wenyeji. Ukiketi mezani, bei yaweza kuwa mara mbili au zaidi. Maji usinunue: mji una mabomba ya barabarani zaidi ya 2,000, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1874, na maji yake ni safi, ya baridi, na ya bure. Chukua chupa yako.

Vitu vidogo vya kubeba

Beba kanga mbili. Makanisani hawakuruhusu kuingia na mabega wazi au magoti wazi. Kanga inafunika yote. Usiku ni ya kulalia, na asubuhi ya kutokea bafuni. Beba kamba nyembamba ya kuanikia nguo ndogo. Beba na kichwa cha umeme cha kubadilishia, kwa maana matundu ya kwao ni ya mviringo, hayakubali plagi zetu za miguu mitatu.

Mkoba uvae mbele, hasa katika basi namba 64 linalotoka Termini kuelekea Vatikano. Basi hilo linapendwa na mahujaji, na wezi wa mifukoni wanalijua. Fedha na pasipoti zisikae mfuko mmoja.

Yasiyolipiwa

Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure. Tiketi za kumwona Baba Mtakatifu siku ya Jumatano ni bure, anayekuuzia anakuibia. Sala ya Malaika wa Bwana, Jumapili adhuhuri uwanjani, haihitaji hata tiketi. Jumapili ya mwisho ya mwezi Makumbusho ya Vatikano kwa kawaida hufunguliwa bure asubuhi, ila foleni ni ndefu. Wenye magoti mabovu wasiijaribu.

Asubuhi ya Jumatano tulitoka kwa masista bado giza, tukatembea polepole kwa mwendo wa yule mama yetu. Hakukuwa na ngazi za kupanda wala basi la kugombania. Baadaye alisimama mbele ya kaburi la Petro, akatoa karatasi iliyokunjwa yenye majina ya wajukuu wake 11, akayasoma moja moja kwa sauti ndogo. Sisi watano tulisimama nyuma yake. Hakuna aliyekumbuka zile yuro 55.

Watoto wetu walipata zawadi ndogo: rozari moja moja, na hadithi nyingi.

Dada mpendwa, Maandiko yanatuambia kwamba Paulo mwenyewe alikaa Roma miaka miwili katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake (Mdo. 28:30). Na katika waraka wake kwa Warumi aliwaomba ndugu wampokee mama mmoja msafiri, Fibi, na kumsaidia katika kila atakalohitaji (Rum. 16:1-2). Tangu zamani, basi, mwanamke amesafiri kwenda Roma akiwa na haja ya mahali pa kulala na watu wa kumpokea. Piga hesabu yako vizuri, soma maandishi madogo, na uliza habari za ngazi kabla ya kulipa. Zaidi ya yote, mkisafiri pamoja, msimwache mwenzenu chumbani.