Mara Inakubali, Mara Inakataa

Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025 mikongo miwili ya chini ya bahari, SMW4 na IMEWE, ilikatika karibu na Jeddah, mji wenye mtaa wa Al-Safa. (Watanzania tumelizoea neno mkongo kwa sababu ya Mkongo wa Taifa, anayependa kusema kebo na aseme.) Intaneti ilipungua kasi Pakistan, India na Falme za Kiarabu. Microsoft nao waliwatangazia wateja wa Azure kwamba data zinazopita Mashariki ya Kati huenda zikachelewa.

Walisema kuchelewa, si kukatika, na kuchelewa ndiko kunakosumbua zaidi. Mkongo ukikatika, data hugeuzwa njia, zikazunguka mbali, na njia zilizobaki hujaa. Programu iliyoandikwa isubiri sekunde tatu hukata tamaa, kumbe jibu linafika sekunde ya nne. Tena muunganisho mmoja hupita huku na mwingine kule, ndiyo maana ukiomba mara ya pili ukurasa hufunguka, nawe ukadhani seva imepona. Seva haikuugua. Sisi wa Afrika Mashariki tuliyaona hayo tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika.

Lakini bahari isisingiziwe kila kitu. Kifaa cha Azure kinachogawa maombi kati ya seva, kisipopangwa vingine, husahau muunganisho uliokaa kimya dakika 4. Programu iliyopumzika dakika tano ikitumia muunganisho uleule hugonga ukuta. Ombi linalofuata hufungua mpya, mambo yakaenda. Dalili yake ni hii: linaloshindwa ni ombi la kwanza baada ya mapumziko. Hitilafu ya mkongo haichagui wakati. Basi andika saa ya kila kosa, kisha jaribu kwa mtandao wa simu, halafu kwa seva ya kanda nyingine. Ukipata namba 503 au 504, ujue ombi lako limefika mahali na kuna aliyejibu.

Dawa ya kawaida ni kujaribu tena baada ya sekunde 1, kisha 2, kisha 4, ukichanganya na bahati nasibu kidogo ili maelfu ya programu zisibishe hodi kwa pamoja. Ila kwenye malipo, kila ombi libebe namba yake ya pekee, seva ilitambue likirudiwa. Jibu laweza kupotea njiani ilhali fedha zimeshakatwa.